Bata wa Winifred

Kwa miaka thelathini Bernard Wragg alikuwa akitambua nembo za koo kwenye vyombo vya fedha dukani kwake Derby, Uingereza, na hakuwahi kuogopa kumwambia mtu ukweli, mpaka Winifred Orgill alipomwekea birika la chai mezani.

"Marehemu mume wangu Horace alilikuta mnadani, akasema nembo hii ni ya mababu zake," alisema mjane huyo. "Bata mwenye mshale mdomoni. Eti waliupata vitani. Mwanangu anataka jina la ukoo wenyewe, awasimulie watoto."

Bernard alifungua kitabu cha nembo, akafika kwenye ndege. Bata walikuwamo, mmoja na samaki, mwingine na tete. Wa mshale hakumwona. Akapitisha kidole juu ya mchoro. Birika lilikuwa la miaka mia mbili, limelainika kama sabuni iliyotumika, lakini mistari ya bata bado ilikwaruza. Akachukua kioo cha kukuzia. Mshale ule ulikuwa na tundu, na tunduni mmepita uzi.

"Bi Winifred, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Kushona mapazia, hadi macho yakagoma. Kwani?"

"Na mzee alikuwa akikuitaje?"

"Bata, basi! Hapa Derby bata ni kama kusema mpenzi, nani haitwi hivyo? Hata dereva wa basi ananiita bata."

Bernard aliweka kioo juu ya mchoro. "Huu si mshale. Ni sindano. Na bata huyu si wa ukoo wowote. Mistari yake bado inakwaruza; kwa umri wa birika, amechongwa juzijuzi tu, pengine mlipooana."

Winifred alikiinamia kioo kwa muda mrefu.

"Mwongo mkubwa yule," alisema polepole. "Miaka arobaini namsugua bata huyu kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwaonea haya hao mababu wenye farasi!" Akacheka hadi machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakukoma. Bernard akamsogezea kiti.

"Mbona hakuniambia?"

"Labda alingoja uulize."

"Ningeuliza nini? Nilimwamini."

Bernard akaligeuza birika, akatazama mdomo wake. Akauliza kama birika linamwaga vizuri. Winifred hakujua, halikuwahi kutiwa chai, lilikaa rafuni kwa heshima ya mababu. Basi Bernard akalisuuza, akachemsha maji. Lilivuja kidogo mdomoni, likalowesha kitabu cha nembo, na wakanywa vikombe viwili viwili huku Winifred akimsimulia jinsi Horace alivyokuwa hajui hata kufunga kifungo.