Foleni ya Magunia Kaptuiyet

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, magunia ya kwanza yalikuwa yamepangwa katika kituo cha majani chai cha Kaptuiyet, na yalikuwa yamepangwa katika foleni mbili. Siku nyingine zote huwa foleni moja.

Foleni ya kwanza ilianzia langoni ikaelekea kwenye mizani. Hiyo ilikuwa ya Alexander Kipkirui, mwenyekiti wa kamati ya kituo, ambaye pia alikuwa katibu wa tawi la Chama cha Mkulima na Haki tangu kabla ya uchaguzi uliopita. Ya pili ilifuata mtaro kando ya ua. Hiyo ilikuwa ya Vivian Bonareri, aliyekuwa akigombea kiti hicho cha katibu.

Bonareri ana umri wa miaka thelathini na tisa. Baba mkwe wake, mzee Onyancha, alitoka Kisii akiwa kijana, akachuma chai katika shamba kubwa hadi alipostaafu, kisha akanunua ekari moja na nusu hapa mwaka 1994. Shamba hilo sasa linatunzwa na Bonareri. Katika kura ya mchujo ya mwaka 2022 alisimama foleni tangu alfajiri. Alipofika mbele, Alexander alifungua kitabu cha wanachama, akapitisha kidole kwenye kurasa mbili tatu, akasema jina lake halimo. Watu kumi na watano waliambiwa hivyo siku hiyo. Wote walikuwa wa familia zilizotoka Kisii. Upande huu, anayeshinda mchujo wa chama huwa ameshinda kiti, kwa hiyo aliyekosa kura ya mchujo amekosa kura.

Bonareri hakubishana. Alijiandikisha upya, akapewa kadi, akaanza kuhudhuria mikutano ya tawi. Alihudhuria kumi na mmoja kati ya kumi na miwili. Wa kumi na mbili hakuambiwa tarehe yake. Aliandika kumbukumbu pale mwandishi alipokosekana, akatembea nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu sera ambazo wengine katika tawi hawakuwa wamezisoma. Hakuficha alichokuwa akitaka. Alitaka kitabu cha wanachama. Kitabu hukaa na katibu, na katibu ndiye anayekifungua siku ya mchujo.

Kura ilikuwa ya mlolongo: kila mwanachama angesimama nyuma ya mtu wake na kuhesabiwa. Tangazo lilisema saa tatu kamili. Alexander ndiye aliyechagua tarehe, na alichagua siku ya lori la kubeba majani, kwa hiyo kila mtu alikuja na majani yake.

Hapa inafaa kueleza desturi ya kituo. Mkulima akifika, huweka gunia lake nyuma ya la mwenzake, kisha huenda zake. Anaweza kwenda dukani, au kurudi nyumbani kulisha ng'ombe. Gunia lina namba yake ya mkulima kwa rangi, na hakuna mtu anayeruhusiwa kulisogeza nyuma. Lilipo gunia, ndipo alipo mwenyewe. Watu wamewahi kugombana kwa mambo mengi Kaptuiyet, lakini si kwa hilo.

Msimamizi wa kura, Jonah Kiptum kutoka ofisi ya chama ya kaunti, hakufika saa tatu. Saa tano alikuwa hajafika na simu yake haikupatikana. Saa sita na dakika ishirini mvua ilianza. Watu wakaingia chini ya paa la banda, wakayaacha magunia nje katika foleni zake mbili, yamefunikwa kwa nailoni.

Bonareri alisimama ukingoni mwa paa, mahali ambapo angeona foleni zote. Ndipo alipoona jambo la kwanza. Maji yalijaa mtaroni yakafurika, na magunia matatu ya foleni yake, karibu na mwisho, yakasogea. Hayakuanguka. Yalisukumwa na maji kama shubiri moja hivi, yakasimama. Gunia la majani mabichi lina uzito wa kilo kumi na tano au ishirini. Maji ya mtaro ule hayawezi kulisukuma.

Jambo la pili aliliona mara tu alipoinua macho. Alexander, upande wa pili wa banda, alikuwa akiyatazama magunia yaleyale. Kisha akamtazama yeye, akaendelea kula muwa wake.

Kiptum alifika saa saba na dakika arobaini. Gari lake lilitoka barabara ya juu. Anayetoka mjini Bomet hufika kwa barabara ya chini. Barabara ya juu inapita nyumba saba tu, na moja ni ya Alexander. Bonareri aliandika saa hiyo nyuma ya tangazo la mkutano. Hakuandika lolote zaidi, kwa kuwa hakuwa na lolote zaidi la kuandika.

Mvua haikuwa imekatika. Kiptum alishuka na mwavuli, akaona watu wamebanana chini ya paa, akauliza wapiga kura wako wapi. Wakamwonyesha magunia. Angeweza kuwaamuru watoke. Aliangalia viatu vyake, akauliza kama hizo ndizo foleni na kama kila mtu amekubali. Wote wakaitikia, kwa sababu kwao swali halikuwa na ugumu wowote. Kwa hiyo akapita katikati na mwavuli wake, akihesabu magunia kwa sauti. Ya Alexander yalikuwa hamsini na nane. Ya Bonareri yalikuwa sitini.

Watu wa Bonareri walipiga makofi. Shemeji yake, Ogoti, alipiga kwa muda mrefu kuliko wengine. Alexander hakupinga wala hakuomba hesabu irudiwe. Alimwambia Kiptum kwamba demokrasia imesema, atie sahihi fomu upesi ili karani aanze kupima, kwa maana lori lingefika saa kumi.

Huyo hakuwa Alexander ambaye Bonareri alimjua kwa mikutano kumi na mmoja. Mtu aliyewahi kubishana nusu saa juu ya nani afungue kwa maombi hawezi kukubali kushindwa kwa magunia mawili. Bonareri alirudia mpangilio kichwani. Kwanza sahihi. Kisha mizani. Karani, Tecla, angefungua kila gunia mbele ya watu wote, ayamwage majani mezani, na angefika kwenye yale matatu. Saa hiyo fomu ingekuwa imeshatiwa sahihi, na jina la mdanganyifu lingekuwa limeshaandikwa juu yake. Lingekuwa lake. Na baada yake, nani kati ya wale kumi na watano angethubutu tena kuuliza kuhusu kitabu?

Kiptum alikuwa ameshafungua kalamu.

"Msimamizi," Bonareri alisema, "kabla hujatia sahihi, naomba karani ayapime magunia joto."

"Mama, mimi nimekuja kuhesabu kura. Sikuja kununua chai."

Watu wakacheka. Bonareri alingoja wamalize.

"Umehesabu magunia. Basi tujue ni magunia ya nini."

Alexander alitema kapi la muwa, akamgeukia Bonareri. "Mama Moureen, si umeshinda? Mshindi anatafuta nini ndani ya gunia?"

"Kile unachongoja karani akipate baada ya sahihi."

Kiptum alimtazama Alexander, si Bonareri, kisha akaifunga kalamu.

Tecla amekuwa karani wa kituo hiki kwa miaka kumi na moja. Majani mabichi yakikaa ndani ya gunia saa kadhaa hupata joto, na karani mzuri hutia mkono hadi kwenye kiwiko kujua yamekaa muda gani. Bonareri alimwomba aanze na foleni ya mtaroni. Tecla alipita akitia mkono na kuutoa, gunia baada ya gunia. Kwenye gunia la hamsini na tano alisimama.

"Hili ni baridi."

La hamsini na sita pia lilikuwa baridi, na la hamsini na saba. Alilimwaga la kwanza mezani. Juu kulikuwa na majani chai, kina cha viganja viwili. Chini yake yalikuwa majani makavu ya mahindi.

"Haya ya mahindi yalijiandikisha chama lini?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

Namba zilizokuwa kwenye magunia hayo zilikuwa za Omwenga na wanawe wawili. Watatu hao walikuwa matangani Nyamira tangu Alhamisi. Ogoti alijitokeza kabla hajaitwa. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. Alionekana kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mmoja analijua.

"Shemeji, Omwenga alinipigia simu. Akasema, nishikie nafasi. Nikashika. Chai yao haikuchumwa, ningejaza nini?"

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini? Gunia ni mtu. Hapa limekuwa mtu tangu baba akiwa hai."

Wazee kadhaa, hata wa foleni ya Alexander, walitikisa kichwa kukubali. Bonareri alimuuliza kama kuna mwingine yeyote aliyejua. Ogoti alifikiri, akasema alipokuwa akijaza majani ya mahindi jana jioni Alexander alipita njiani, wakasalimiana. Alexander akasema yeye husalimia watu wengi.

Kiptum aliandika hamsini na saba mahali pa sitini. Alexander alikuwa sasa mbele kwa moja, na mkono wake ulikuwa umeshatangulia kuelekea kalamu.

"Bado foleni moja," Bonareri alisema.

Kiptum alianza kusema kwamba muda umekwenda. Tecla hakumngoja. Alikuwa amelowa tayari, na alisema hawezi kupima foleni moja na kuacha nyingine, leo wala siku yoyote. Alianzia langoni. Magunia yote ya Alexander yalikuwa na joto. Lakini Tecla husoma namba pia, kwa mazoea, na kwenye gunia la arobaini na moja aliisoma mara mbili.

"Mia nne na kumi na saba. Hii ni ya mzee Kipkurui."

Mzee Kipkurui, ambaye hakuwa ndugu wa Alexander ingawa majina yanakaribiana, alizikwa tarehe 17 Januari. Wengi waliokuwa pale walikuwepo mazishini. Aliyesimama kando ya gunia lake alikuwa mke wa mwanawe, Fancy Cheptoo, ambaye ndiye amekuwa akichuma shamba hilo miaka yote.

"Mzee alikufa," Fancy alisema. "Namba haikufa. Nauza kwa hiyo."

Kiptum alimuuliza kama yeye mwenyewe ni mwanachama. Fancy alisema hajui. Aliambiwa foleni ni ya namba, alete tu gunia alipange upande wa lango. Aliambiwa na nani? Fancy alitazama viatu vya Alexander.

Ikabidi kitabu kiletwe. Alexander alisema kiko nyumbani. Tecla akasema anakiona kikichungulia kwenye mkoba ambao Alexander ameukalia. Alexander akasema kweli, alikuwa amesahau. Kiptum alikifungua juu ya meza ya mizani. Jina la mzee Kipkurui lilikuwa ukurasa wa kumi na mbili, bila mstari juu yake. La Fancy halikuwemo. Kiptum alifuta hamsini na nane akaandika hamsini na saba.

Wakati Kiptum akifuta, kitabu kilikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa amekishika. Bonareri alifungua kuanzia mwanzo. Jina lake lilikuwa ukurasa wa tisa, mstari wa nne, kwa wino uliofifia, na tarehe ya kando ilikuwa ya mwaka 2021. Kumbe lilikuwemo siku ile alipoambiwa halimo. Mbele ya jina kulikuwa na nukta ndogo ya penseli. Aliendelea kufungua. Aliona nukta mbele ya Omwenga, mbele ya Ogoti, mbele ya mzee Onyancha. Alizihesabu nukta zote hadi ukurasa wa mwisho, kisha akazihesabu tena. Zilikuwa kumi na tano.

"Nukta hizi ni za nini, katibu?" aliuliza.

Alexander alisema alikirithi kitabu hicho na nukta zake.

Kiptum alitangaza kwamba kura ni sawa, na fomu haina mahali pa kuandika sawa. Angepeleka fomu na kitabu ofisi ya kaunti, na tarehe nyingine ingetangazwa. Alexander alisema hilo ni jambo la busara. Alilisema haraka mno.

Bonareri alitoa simu ili apige picha kurasa. Kiptum aliweka kiganja juu ya kitabu akasema taarifa za wanachama ni siri. Bonareri hakushindana na kiganja. Alimwomba Tecla karatasi ya mizani, akaandika nyuma yake: kitabu kimoja, kurasa arobaini na sita, kimechukuliwa na J. Kiptum, nukta za penseli kumi na tano, ya kwanza ukurasa wa tisa mstari wa nne. Akaisukuma mbele ya Kiptum.

"Sahihi ya nini tena?" Kiptum aliuliza.

"Mkulima hatoki hapa bila karatasi," Tecla alisema. "Na kitabu kisitoke bila karatasi."

Foleni zote mbili zilikuwa zimesogea mezani. Hazikuwa mbili tena. Kiptum aliisoma karatasi mara moja, akazihesabu nukta yeye mwenyewe kwa ncha ya kalamu, akatia sahihi na saa: kumi na dakika kumi na mbili.

Lori lilifika saa kumi na dakika ishirini. Tecla alianza kupima. Saa kumi na dakika thelathini na tano Kiptum aliweka kitabu kwenye kiti cha mbele cha gari lake, akawasha, akaondoka kwa barabara ya juu.