Uzi Mwekundu kwenye Kola

Kitu cha kwanza nilichokiona ni uzi mwekundu.

Nilikuwa jikoni nasonga bukari. Jessica aliingia na telefone yake, akanisogezea usoni. "Jaël, angalia hii. Uniambie kama miye niko na wazimu."

Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mtoto ameinama mtoni, anaosha mawe ya shaba ndani ya karai. Uso wake haukuonekana vizuri. Alitazama chini, na matope yalikuwa yamemfika mashavuni. Jessica aliangalia uso. Mimi niliangalia kola ya shati. Pale, kwa uzi mwekundu, herufi moja moja, palikuwa pameshonwa jina: KILUFYA JESSICA.

"Haiko miye," Jessica alisema. "Sijafikaka kuosha mawe maisha yangu yote. Haiko miye, na jina ni langu."

Picha ilitoka kwa Tantine Martine, shangazi yake David. David ndiye aliyetaka kumwoa Jessica. Familia yake, ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kuchimba madini, walikuwa waje Jumamosi kupanga siku ya mahari. Kabla ya kuja, Tantine Martine alifanya anachomfanyia kila mtu, hata fundi wa cherehani: aliandika jina la Jessica Kilufya kwenye Google. Alizoea kusema kwamba muntu anaweza kukuficha jambo, lakini Google haimfichi muntu.

Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kifaransa. Kifaransa changu kiliishia darasa la tatu, basi Jessica alinisomea na kunitafsiria, sauti yake ikipungua kila mstari. "Jessica Kilufya, miaka tisa, anaishi peke yake karibu na machimbo ya Kamatanda. Familia yake ilimfukuza, ikisema ni mlozi aliyemla mdogo wake. Tulipomuuliza, mtoto hakukana."

"Hakukana," Jessica alirudia. "Umesikia? Hakukana."

Kwetu binti anasamehewa mambo mengi, hata kuzaa kabla ya ndoa. Hilo halisamehewi. Nani ataingiza mlozi nyumbani mwake, amzalie wajukuu?

Nilinawa unga mikononi, nikasema, "Pengine ni Jessica mwingine."

Nilijua ni uongo. Yule mtoto ni mimi.

Nilipokuwa na miaka tisa, kila Jumamosi nilitoka kwetu Kamatanda nikaja Likasi na beseni ya matembele kichwani. Wenzangu walipiga hodi. Mimi niliogopa kupiga hodi, basi nilisimama tu mlangoni mpaka mtu anione. Wengi hawakuniona. Mama Germaine, mama yake Jessica, aliniona. Alinunua mafungu mawili, akaingia ndani, akatoka na shati la shule ambalo lilikuwa limekuwa dogo kwa binti yake. Jina alikuwa amelishona mwenyewe, kwa sababu katika uwanja wao nguo za nyumba nne zilianikwa kwenye kamba moja. Alinivalisha, akafunga vifungo vyote. Hakuna mtu aliyekuwa amenipa kitu kabla ya siku ile. Nilishika mlango wake kichwani, wa kijani, wenye alama ya teke chini.

Mwezi uliofuata mdogo wangu Plamedi alikufa. Alikuwa mtoto wa mama yangu wa kambo, mwaka mmoja na nusu. Mama wa kambo alikwenda kwa pasta. Pasta alifunga siku tatu, akasema mlozi yumo ndani ya nyumba, na alama yake ni kwamba haongei. Katika nyumba yetu asiyeongea alikuwa mmoja. Baba alitupa beseni yangu nje, nikaifuata, akafunga mlango.

Nililala kwenye kibanda cha wanawake waosha mawe, nikaosha nao. Siku moja walikuja wageni wawili wenye kamera, na mwanaume mmoja wa kuwatafsiria. Mwanaume huyo aliinama, akasoma kola yangu. "Weye njo Jessica Kilufya?"

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye viatu safi, na kalamu ilikuwa imekwisha kuandika. Nilitikisa kichwa kukubali. Akauliza kama nalala peke yangu, nikatikisa kichwa. Akauliza kama ni kweli nilimla mdogo wangu. Shingo ikishaanza kukubali haisimami. Nilitikisa kichwa.

Waliniachia paketi ya biskuti. Sikujua wao wameondoka na nini.

Baadaye masista wa Kapolowe walinichukua. Nililima nao mpaka nikafika miaka kumi na minne, ndipo sista mmoja akaniuliza kama kuna nyumba yoyote ninayoijua, anitafutie kazi. Nilimwambia mlango wa kijani. Mama Germaine hakunikumbuka. Nilisema mimi ni yatima wa Kapolowe. Ni miaka sita sasa. Nalala chumba kimoja na Jessica. Ndiye aliyenifundisha kutuma ujumbe, na mbele ya watu ananiita mdogo wangu.

Basi hesabuni wenyewe. Nikisema, Jessica ataolewa, na mimi nitatoka kwa mlango ule ule na mfuko wangu. Na Mama Germaine ataanza kukumbuka kila sahani ya bukari niliyompakulia kwa mikono hii.

Nikinyamaza, Jessica ndiye atakayebaki na jina la mlozi. Nilifikiri kuna njia ya tatu. Alhamisi nilikwenda kwa Rolly, mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala karibu na soko. Nilimwomba kwanza aandike jina langu mwenyewe, Jaël Mwape. Zilitoka kwaya za kanisa, msusi mmoja wa Zambia, marehemu mmoja. Mimi sikuwemo. Kisha nikamwomba aandike Jessica Kilufya, na hapo nikatokea mara moja, wa kwanza juu, nimeinama. Miaka kumi na moja nimekuwa hapo, naosha mawe yale yale, na mtu yeyote duniani anaweza kunikuta, isipokuwa anayejua jina langu.

"Futa," nilimwambia Rolly.

Alicheka mpaka akashika meza. "Mamaa! Weye unafikiri hii ni ubao ya masomo, unapangusa na kitambaa? Ile kintu iko Ulaya. Hata wazungu wenyewe banashindwa kufuta zao."

"Tafazali."

Aliona macho yangu, akaacha kucheka. Alitafuta chini kabisa ya ukurasa, akapata anwani ya wenye picha, akawaandikia kwa Kifaransa kizuri. Jibu lilirudi kabla sijainuka kwenye kiti. Nilisimama kwa furaha. Rolly akasoma: anwani hii haipo tena. Waliopiga picha walikuwa wamefunga ofisi, wakaiacha picha peke yake.

Ndipo Rolly akasogeza uso kwenye kioo. "Lakini ngoja. Kilufya. Haiko ule binti wa kwa Papa Adolphe, mwenye kufundisha batoto badogo wa maternelle? Aba!"

Nilisema hapana, siye. Nilisema vibaya. Kwenye duka la Rolly nusu ya mji inapita kutoa nakala.

Ijumaa saa nne asubuhi Jessica alirudi kutoka shuleni. Wazazi watatu walikuwa wamekuja kuchukua watoto wao, na mkurugenzi alimwambia apumzike nyumbani kwanza. Alijilaza kitandani na viatu. Nilikaa kwenye kitanda changu, magoti yetu karibu yagusane, na sikusema. Nilikwenda kufuta, nikasambaza.

Jumamosi walikuja. Mtu wa kuzungumza alikuwa Papa Symphorien, mjomba wake David. Tantine Martine alishika karatasi iliyopigwa chapa. Niliijua, ilitoka kwa Rolly. David aliangalia viatu vyake. Mimi nilisimama pembeni na jagi na beseni, kwa ajili ya wageni kunawa mikono.

"Papa Adolphe," Papa Symphorien alianza, "hatukukuya juu ya vita. Tunakuya kuuliza."

"Kuuliza ni moya tu," Tantine Martine akasema. "Huyu ni mutoto wenu ao hapana?"

Papa Adolphe, ambaye alifanya kazi kiwandani miaka thelathini na haongei haraka, alileta bahasha. "Hizi ni bulletin za shule, zenye alama zake. Mwaka ule wa picha Jessica alikuwa darasa ya sita, na miaka kumi na mbili. Hapo banaandika tisa."

"Bazungu banajua miaka ya batoto yetu? Banaangalia urefu, banaandika."

Mama Germaine aliomba karatasi. Alikwenda nayo mlangoni penye mwanga, akaisogeza karibu na macho.

"Huu mushono ni wangu," alisema.

"Germaine!" Papa Adolphe alishtuka.

"Ni wangu, siwezi kukana mukono yangu. Hii K, miye nilikuwa naipindaka mukia hivi. Lakini shati nililitoa. Nilipatia katoto kamoya kenye kuuzisha matembele. Kalikuwa kimya sana."

"Na kako wapi leo?" Papa Symphorien aliuliza, bila ubaya.

"Sijui. Kaliacha kukuya."

Tantine Martine alipiga makofi mara moja. "Mamu, pole! Katoto hakana jina, hakana nyumba, kanavaa jina ya wengine, kanapotea! Kesho utatuambia kalikuwa malaika."

Mama Germaine aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Yalipita kwa wote, yakafika kwangu, yakakaa kidogo, yakarudi kwenye karatasi.

"Tuulize mwenyewe," alisema Papa Symphorien, akamgeukia Jessica. "Mwanangu, hapa banaandika hakukana. Leo weye uko mukubwa. Unakana, ao unanyamaza tena?"

Jessica alikuwa hajala tangu Ijumaa.

"Jess, sema basi," David alimwambia. Ni neno lake la kwanza siku ile.

Jessica alitazama sakafu. Niliona kidevu chake. Nakijua kidevu kile. Hakikubali lolote, kimechoka tu, kinataka wenye maswali wamalize waende. Kilianza kushuka.

Niliweka beseni chini. Ililia kwenye simenti, watu wote wakageuka.

"Ni miye," nilisema.

Walingoja. Wengi wao hawakuwahi kusikia sauti yangu.

"Katoto ka matembele ni miye. Shati nilipewa na Mama. Banasoma jina kwenye kola, banauliza kama ni langu, na miye niliogopa kusema hapana. Jessica hana kintu ndani ya hii maneno. Bongo ni yangu, uongo ya miaka yote."

Mama Germaine alikaa kwenye kiti. Tantine Martine alivuta kitenge chake kisiguse mguu wangu. Jessica alinitazama, na sikuweza kujua ananitazama kama nani.

"Basi weye," Papa Symphorien alisema polepole, "weye njo mwenye kula mudogo wake?"

Shingo yangu ilitaka. Naapa ilitaka. Niliishika kwa mikono yote miwili, hapa chini ya masikio, nikasema neno ambalo sikumwambia baba, wala pasta, wala sista yeyote.

"Sikumukula, papa. Nilimubeba. Plamedi alikuwa na homa siku mbili. Mama yake alikuwa soko, baba alikuwa ndani ya shimo, anachimba, na nyumbani nilikuwa miye tu. Nilimufunga mu mugongo na kitenge, nikatembea naye kwenda dispansari. Alikuwa moto, moto, ananichoma kupita shati. Tulipofika karibu na daraja nikasikia mugongo inapoa. Nilifurahi, papa. Nilifikiri homa inashuka. Nikaanza kumwimbia, nikamwimbia njia yote, mpaka kwenye mulango ya dispansari."