Miguu ya Sijali

Lori lililomgonga Sijali halikusimama, na hata lingesimama, lingesimamia nini? Alikuwa mbwa tu. Verediana alimkuta kando ya barabara kuu ya Mbeya, kiuno kimelala chini, miguu ya mbele ikijitahidi kuondoka peke yake. Ilikuwa Februari ya mwaka sabini na tano. Alimfunga kwenye kanga akambeba hadi nyumbani, kijiji kizima kikimtazama.

Siku ya tatu alipita Didas, bwana mifugo, aliyekuja kuchanja ng'ombe. Alimbinyabinya Sijali nyongani, akasema mfupa haujavunjika lakini mguu wa nyuma wa kushoto umekwisha, mbwa huyu hatatembea tena. Kwa upole kabisa akajitolea kutafuta mtu mwenye bunduki. Verediana alimshukuru, akamnywesha chai, akamsindikiza hadi njiani.

Jirani yake Sekela, ambaye hakuwahi kuona jambo akanyamaza, alimuuliza kama huruma yote hiyo binadamu naye angeipata. Verediana alicheka. Ukweli hakumwambia.

Ukweli ulikuwa huu. Miaka mitatu nyuma mumewe, Silvester Kalinga, aliondoka kwenda kwenye ujenzi wa reli. Aliandika barua mbili. Baadaye watu wakasema wamemwona Chunya akichimba dhahabu, kisha hawakusema kitu tena. Halafu ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Nyumba waliyoijenga wawili kule bondeni Usangu ikaachwa pamoja na majaruba yake ya mpunga, na Verediana akapewa kiwanja kando ya barabara, kati ya watu asiowajua, maana yeye na Kalinga walitoka Iringa na huku hawakuwa na ndugu. Kalinga akirudi, atarudi wapi? Atarudi kwenye mahame yale.

Sijali alikuwa amelijua hilo bila kufundishwa. Kila asubuhi alishika njia kwenda nyumba ya zamani, mwendo wa saa mbili, na jioni akarudi. Verediana alipogundua alichana ukanda wa kanga nyekundu, ile aliyonunuliwa na Kalinga mwaka walipooana, akamfunga mbwa shingoni. Kalinga akiuona ataujua, atamfuata mbwa mpaka mlangoni.

Yeye mwenyewe, tangu ahamishwe, hakuwahi kukanyaga kule. Angeonekanaje? Mwanamke mzima, aliyekwisha kuwatangazia wenzake kisimani kwamba mwanamume akiondoka ameondoka, leo akutwe ameketi kwenye magofu anamngoja? Mbwa hachekwi. Basi mbwa akangoja kwa niaba yake, naye akabaki na heshima yake. Jioni alisimama uani akiita, "Sijali! Sijali!" Jina hilo Kalinga ndiye aliyelitoa, kuwakomoa majirani wa zamani, na Sekela alilisikia kila siku akatabasamu.

Kwa hiyo Sijali ilikuwa lazima atembee.

Usichanani mwake, huko Iringa, Verediana alifua mashuka katika hospitali ya misheni. Chumba cha kufulia kilitazamana na chumba ambamo Sista Evarista aliwanyoosha watoto waliopooza kwa polio. Mguu husahau, Sista alikuwa akisema, na kazi yetu ni kuukumbusha. Verediana alisuuza na kutazama miaka miwili, na mikono yake ilishika zaidi ya alivyodhani.

Asubuhi na jioni alimkanda Sijali kwa kitambaa cha maji moto yenye chumvi. Akaukunja mguu taratibu, akaunyoosha, mara ishirini. Siku ya kwanza Sijali alimng'ata kiganja. Verediana akamzaba kibao, akafunga jeraha, akaendelea. Wiki ya tatu alimpitishia ile kanga nyekundu chini ya tumbo, akamwinua kiuno na kumpeleka kwenye mfereji wa mpunga, mahali ambapo maji yalimfika mbavuni na kumbebea uzito. Mbwa akapiga hatua majini, mwanamke nyuma yake ameshika kanga ncha mbili, matope hadi magotini. Wapita njia walisimama kuangalia. Hilo la kuchekwa kwa ajili ya mbwa hakulijali hata kidogo.

Akimkanda, alimsimulia. Alimwambia jinsi Kalinga alivyopenda ukoko wa ugali kuliko ugali wenyewe, na alivyokuwa akipiga mluzi akifika kona ya jaruba ili chai iwekwe motoni. Alimtamani mumewe. Alimtamani kwa mwili na kwa masikio, na siku nyingine mikono yake ilisimama juu ya mguu wa mbwa akasahau amehesabu mara ngapi. Sijali alimlamba kiganja kile kile alichokuwa amekitoboa.

Mwishoni mwa Machi alipiga hatua nne bila kanga. Aprili akavuka vijiti alivyopangiwa uani, akiinua mguu mmoja mmoja. Mei, wakati wa mavuno, alitoka mwenyewe asubuhi, anachechemea lakini anakwenda, na akashika ile njia.

Verediana alimfuata. Kwa Sekela aliaga kwamba anakwenda kutafuta nyasi za kuezekea. Kwa nafsi yake alisema ni kwa sababu ya mguu tu, usije ukagoma njiani.

Paa lilikuwa limeanguka, kuta zimebaki. Sijali hakulala kizingitini kama Verediana alivyotarajia. Alikinusa, akazunguka, akanusa tena, akaanza kulia huku mkia unapiga. Ndani, mafiga matatu yalikuwa yamepangwa upya, na katikati yake kulikuwa na majivu ambayo hayakuwa ya mwaka jana.

Mzee mmoja Msukuma aliyekuwa akichunga ng'ombe karibu na hapo alisogea akasalimia. Alijitaja kuwa ni Shija, wamehamia bondeni na mifugo yao tangu mwaka juzi. Alimtazama mbwa.

"Kumbe mzima," akasema. "Huyu nilizoea kumwona kila siku. Mbwa wako, mama?"

"Wangu, baba. Aligongwa na gari." Verediana akaonyesha majivu. "Hapa amelala nani?"

"Mwanaume mmoja hivi. Mwezi wa tatu, mwishoni. Nilimwambia watu wa hapa walihamishwa, vijiji ni vingi kule barabarani, sijui kipi. Nikamwambia lakini kuna mbwa huja kila siku, ana kitambaa chekundu shingoni, ila siku hizi sijamwona. Akakaa chini. Akasema hana uso wa kuingia vijijini kuulizia mke, mikono mitupu. Lakini kama mbwa bado anatumwa, basi bado anatakiwa, atamfuata."

Shija akaendelea.

"Alingoja siku nne. Alipiga miluzi sana. Siku ya tano akasema basi, nimeelewa. Akarudi Chunya kwa wenzake."

Siku nne. Siku hizo hizo yeye alikuwa mferejini, anamfundisha mbwa hatua nne. Miezi mitatu alihangaika na mguu mmoja uliokufa ili uende kungoja, na yake miwili ilikuwa mizima. Saa mbili tu za kutembea. Verediana aliketi kizingitini akalia kwa sauti mbele ya mtu asiyemjua, na aibu aliyoitunza miaka yote ile hakuiona ilikokwenda.

Alipomaliza alijifuta uso, akamwita Shija karibu. Alimwomba akae na mbwa mpaka yeye arudi, awe anamleta hapa kila siku, kwani huenda yeye na Kalinga wakapishana njiani. Akachukua mkono wa mzee, akauweka kwenye nyonga ya Sijali, akamwonyesha: kukunja taratibu, kunyoosha, mara ishirini, asubuhi na jioni. Shija alisema hajawahi kumkanda mbwa tangu azaliwe, lakini akahesabu mpaka ishirini.

Sijali alitaka kuinuka amfuate. Verediana akamkalisha. Kisha akajifunga kiunoni ile kanga iliyochanika, akauliza njia ya Chunya inapita upande gani.