Ngozi ya Kasoki

Kila asubuhi, kabla ya kukoroga sabuni, wafanyakazi walinuswa mlangoni na Papa Grégoire. Karakana yake iko mtaa wa Katoyi, nyuma ya ukuta wa mawe meusi, na kanuni yake ni moja: mwenye mikono iliyoharibiwa na kazi hutibiwa, mwenye mikono iliyoharibiwa na tabia za nyumbani hufukuzwa. Glavu zimo kabatini, mpya kabisa. Hutolewa wageni wakija.

Mikono ya Kasoki ilipopasuka, aliitwa mbele ya Grégoire na Apolline, muuguzi wa karakana. Mgonjwa haulizwi uji, lakini Kasoki aliulizwa pombe, sigara, usingizi na mafuta ya kujichubua. Mafuta alikiri: aliwahi kuyapaka kwa ajili ya harusi ya dada yake. Apolline akamtazama Grégoire. Kasoki akapewa mwezi mmoja ajirekebishe.

Aliacha kila kitu, hata kasiksi ya Jumapili, pombe ya ndizi anayoipenda sana. Majirani waliosikia tuhuma hizo walichungulia, hawakuona kitu, na hilo likawazidishia shaka. Mikono iliendelea kuvuja damu.

Jumamosi moja, akimenya viazi, ngozi ya mikono yake ilibambuka nzima, kuanzia viwiko hadi kucha. Akaianika kambani, na nyufa zake zikajifunga. Jumatatu ngozi ilishuka ikaenda kazini peke yake, naye akabaki nyumbani, mikono mipya ikipona.

Grégoire aliinusa, akairuhusu. Ilikoroga soda kali ya kutengenezea sabuni mchana kutwa, na jioni haikupita popote, ilirudi kambani. Kabla wiki haijaisha, ilipasuka tena mahali pale pale.

Kasoki akaileta karakanani, akaitandaza mezani mbele ya wote.

"Papa, hii haikunywake pombe, haivutake sigara, haiko hata na kinywa. Nani ameiharibu?"

Apolline aliigeuza ngozi huku na huku, akasema huenda ilijifunza tabia zamani, ilipokuwa bado juu ya mwenyewe. Grégoire akaafiki. Lisemwalo lipo, alisema, na Kasoki akafutwa kazi hapo hapo. Ulikuwa uonevu mtupu, na kila aliyekuwepo alijua. Alipoomba ngozi yake, akaambiwa ni mali ya karakana.

Nafasi yake ilichukuliwa na Bénie, msichana wa Munigi mwenye mikono laini. Aliomba glavu. Grégoire alifungua kabati, akazisogeza pembeni zile mpya, akatoa ngozi ya Kasoki.

"Vaa hii, mama. Ilishazoea soda."

Bénie akaivaa. Ilimkaa sawasawa.