Kifuniko cha Buli la Mjapani

Kifuniko kilivunjika Jumapili alasiri, sebule ikiwa imejaa, mke mpya wa binamu akimimina chai kwa mara ya kwanza mbele ya wakwe zake. Alikuwa amefundishwa vizuri. Mkono wa buli lile umetokea ubavuni, si nyuma kama wa mabuli mengine, na ukiushika, mdomo unageukia nje, kule kusiko na kikombe. Inabidi unyanyue kiwiko kipite bega, uzungushe kifundo cha mkono mpaka kilie, ndipo chai ishuke. Ukoo mzima uliita hiyo kumimina Kijapani. Kila bibi harusi aliyeingia nyumba ile alifanyishwa mazoezi kwa maji baridi kabla hajaaminiwa chai. Huyu alinyanyua kiwiko, akazungusha, kifuniko kikateleza, kikagonga ukingo wa meza na kupasuka vipande.

"Usijali," alimwambia wifi yake aliyeolewa humo kabla yake. "Mimi siku yangu nilivunjika kifundo cha mkono."

Tangu hapo buli likawa linatoa maji. Ulitia majani, ulitia maji yanayochemka, ulifunika kwa kisahani. Yaliyotoka yalikuwa maji matupu, vuguvugu, na majani yalibaki ndani makavu kama yalivyotoka dukani. Hilo lingevumilika, sufuria hazijaisha duniani. Lakini Bibi, mzee wa nyumba ile, hakuwahi kunywa chai ya chombo kingine, na hakutaka kuanza uzeeni. Alisukuma kikombe kando kwa upole, akashukuru, akaanza kufifia.

Vilianza vidole. Baadaye ungeweza kuyaona maua ya kitambaa cha kiti kupitia bega lake, yale mekundu na hata yale madogo ya samawati. Watu wa nyumbani walizoea kuangalia kabla ya kukaa, ila wageni hawakujua, na wawili walishamkalia. Mjukuu wake, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa kwenye chumba cha mbele na wateja wake walikuwa wengi kuliko viti, alikata kitambaa chekundu akamtandikia mapajani, ili ionekane kwamba kiti kina mtu.

Vifuniko vya sokoni vilijaribiwa vyote. Kila kimoja kilikaa kidogo juu ya buli, kisha kikashuka chenyewe na kulala mezani. Mshonaji akasema hakuna njia nyingine, atafutwe aliyelitengeneza, kabla Bibi hajaisha.

"Aliyelitengeneza ni Mjapani," alisema Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi na msemaji wa ukoo. "Alimpa marehemu baba mkono kwa mkono."

Kisa hicho hakuna asiyekijua. Babu alikuwa dereva wa lori wa kiwanda cha vyombo vya udongo, na Mjapani alikuwa ameletwa kufundisha. Siku moja Babu alipeleka mzigo kwenye barabara yenye mashimo na hakuna hata kisahani kilichopata ufa. Mjapani akainama, akampa buli. Baba Mkubwa akifika hapo huinama na yeye, na watu hupiga makofi. Bibi alikuwa akikisikiliza kisa hicho tangu alipoolewa, kutoka kwenye kiti kilekile.

Chini ya buli palikuwa na muhuri mdogo wa mraba. Mshonaji aliuonyesha kila mteja aliyekuja kupimwa nguo, kwa sababu wanawake wanaopimwa nguo husimama tu bila kazi, na mtu asiye na kazi hukumbuka mambo. Mama mwenye saluni akakumbuka kwamba mjomba wake analinda pale palipokuwa kiwanda.

"Lakini umbebee sigara," alisema. "Yule bila sigara ni bubu."

Kiwanda kilikuwa kimegeuzwa ghala la saruji. Mlinzi aliwasha sigara, akaugeuza muhuri kwenye mwanga.

"Ni wake. Yupo huko nyuma."

"Yupo? Mimi nilisikia alifariki."

"Alifariki zamani, nilibeba jeneza mimi. Lakini tanuri lilikuwa na vyombo siku ile, na tanuri halifunguliwi mpaka lipoe. Kila jioni anakuja kulipima kwa kiganja. Namwambia, Mwalimu, mbona humu sasa ni mifuko ya saruji tu? Ananiambia bado halijapoa."

Mshonaji alimkuta kati ya mifuko, mzee mwembamba mwenye aproni, vumbi la saruji likimpita bila kumshika. Akamwamkia. Mjapani aliitikia, akafuta mikono, akalipokea buli. Aliutazama muhuri, akalikagua pote, akausogeza mkono wa buli kutoka kiganja hiki kwenda kile.

"Nyumbani kwenu kuna mtu wa mashoto?"

"Hapana," mshonaji alijibu, na hakuwa anadanganya.

"Kifuniko hutengenezwa pale buli lilipo," alisema. "Nitakuja kesho."

Kufikia kesho yake mama mwenye saluni alikuwa ameshapita mitaa yote, kwa hiyo sebule ilifurika mpaka barazani. Baba Mkubwa alivaa suti. Mjapani alivua viatu mlangoni, akavipanga vikielekea nje, na kuingia katikati ya watu bila kumgusa yeyote.

"Hivi marehemu wanatia sukari?" jirani alinong'ona.

"Muulize, si ana mdomo."

Baba Mkubwa alisimama atoe hotuba. Mjapani alimpita, akaenda mpaka kwenye kitambaa chekundu, akainama.

"Mashoto," alisema. "Bado unatumia mkono ule?"

"Walinikataza, Mwalimu," Bibi alijibu. Sauti yake ilikuwa nzima kuliko yeye. "Siku ya kwanza tu, kwa mama mkwe. Niliwamiminia wageni kwa kushoto. Kuanzia hapo wakawa wanamimina wengine."

Mjapani aliliomba buli. Akalishika kwa mkono wa kushoto. Mdomo ukaelekea moja kwa moja kwenye kikombe, kiwiko kikatulia ubavuni, na dole gumba likaja lenyewe pale ambapo kifuniko hukaa, kukizuia kisiteleze. Akamimina yale maji matupu bila kumwaga hata tone. Sebule nzima ilitazama. Wifi mtu alikiangalia kifundo cha mkono wake, kile kilichowahi kuvunjika, akakipapasa polepole.

"Hili nilimkataza mwanafunzi wangu huyu asilitengeneze," alisema Mjapani. "Nilimwambia, geuza mkono, nani atalinunua la mashoto? Akaligeuza buli lifuate mkono wake."

"Lakini muhuri ni wako, mzee wangu," alisema Baba Mkubwa.

"Kila kilichotoka katika chumba kile cha mafunzo kilipigwa muhuri wangu."

"Basi ni lako." Baba Mkubwa alishusha pumzi.

Mjapani alifikiri kidogo. "Ndivyo tulivyokuwa tukisema," alikubali.

Mshonaji alichuchumaa karibu na kiti. "Bibi, mbona hukuwahi kusema?"

"Nilisema, mwanangu. Babu yako alipokisimulia kisa chake mara ya kwanza, nikasema mbele ya wageni, hilo nililitengeneza mimi, nilikuja nalo kwenye sanduku langu. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikaona nisinune peke yangu, nikacheka na mimi."

Jirani aliyeuliza habari ya sukari alikohoa.

Mjapani alitoa donge la udongo mfukoni mwa aproni na kuliweka juu ya kitambaa chekundu. Mkono wa kushoto wa Bibi ulitoka pale ulipokuwa umejificha miaka yote. Ulipogusa udongo, vidole vikarudi, kimoja baada ya kingine, na kucha zake, na mikunjo yake. Akalifinya donge, akalizungusha, akatoa kifuniko na kishikio chake kidogo juu.

"Ongeza upana," alisema Mjapani. "Kitanywea motoni."

"Najua, Mwalimu."

"Ulikuwa ukinijibu hivyohivyo."

Kifuniko kikahitaji tanuri. Mjapani alikichukua, akakifunika kati ya viganja vyake viwili, akaketi. Viganja vile vilikuwa vimepima joto kila jioni tangu afariki, na joto lote lilikuwa bado humo. Alipokuwa akikichoma, mama mwenye saluni alimsimulia habari za mkwe wake asiyeamka mapema, naye akatikisa kichwa palipostahili. Waliokaa karibu walisogeza viti kwa sababu ya joto. Alipofunua viganja, kifuniko kilikuwa chekundu, kikalia kama kengele.

Kilichobaki ni kuvisaga. Kifuniko cha buli la aina ile husuguliwa na buli lake lenyewe, kwa mchanga laini na maji, mpaka kiwe hakifai kwingine kokote. Bibi alisugua. Mwanzoni vilikwaruzana vibaya, wengine wakaziba masikio. Kisha vikawa kama vinanong'onezana. Kisha vikanyamaza.

Mshonaji alileta majani na maji ya moto. Bibi alimimina mwenyewe, kwa kushoto, na kilichotoka kilikuwa chai, nyekundu, inafuka moshi. Wageni kadhaa waligeuza nyuso kwa adabu. Alikunywa kikombe chote, na maua ya kiti yakazimika nyuma ya bega lake, makubwa kwa madogo, mpaka akawa ameketi pale mtu kamili, mwenye kivuli.

Mjapani hakutia sukari. Alimaliza chai yake, akavaa viatu, akasema anarudi kuangalia tanuri.

Jumapili iliyofuata wageni walijaa kuliko siku zote, kila mtu akitaka kukiona kifuniko. Baba Mkubwa alisimulia. Kisa kilikuwa kimerefuka. Mjapani alimpa marehemu baba buli mkono kwa mkono, na kifuniko kilipovunjika, hakulala kaburini, alikuja mwenyewe mpaka hapa, akavua viatu pale, akakichoma kwa viganja vyake, watu wanaona. Aliinama mara mbili. Mara zote mbili watu walipiga makofi, wakiwemo waliokuwapo siku ile.

Jikoni, mke wa binamu alikuwa amerudishwa kwenye maji baridi, kiwiko juu ya bega.

"Jamani, si mliona linavyoshikwa?" mshonaji aliuliza.

"Tuliona," alisema wifi mtu, akimsogeza yule bibi harusi kiwiko kipande zaidi. "Lakini wewe utawamiminia wakwe kwa kushoto?"

Bibi alishapata kikombe chake mapema, kabla ya wageni, mlango ukiwa umefungwa. Mshonaji alirudi sebuleni akasimama ukutani. Bibi alikuwa akicheka pamoja na wengine, na kwenye bega lake, chini kidogo ya shingo, ua moja dogo la samawati lilikuwa limeanza kuonekana. Mshonaji akaenda kumtengenezea kikombe kingine.

Kitambaa chekundu bado kiko kwenye kiti. Hukunjuliwa vizuri kila Jumapili, kabla wageni hawajaanza kutafuta pa kukaa.