Keko ya Fanicha

Tangu atoke jela mwezi wa tatu, Melkiori alikuwa ameulizwa swali moja katika ofisi sita za malori, na zote sita zilimtoa nje kabla hajakaa vizuri kitini. Swali lenyewe halikuwa kubwa. Leseni yako daraja E, umeendesha Tunduma, umeendesha Lubumbashi, miaka kumi na minne barabarani. Sasa hii miaka mitatu ya mwisho, ulikuwa wapi? Naye, kwa kuwa alimwapia dada yake Rachel kwamba uongo basi, alijibu: nilikuwa nimefungwa. Mmoja alimwambia arudi baada ya Pasaka, na Pasaka ilikuwa imepita wiki iliyotangulia. Mwingine aliichukua simu yake mezani akaitia mfukoni, akaendelea kutabasamu.

Inaudhi, wala tusizunguke. Kosa alilifanya: alinyonya dizeli ya tajiri wake akaiuza kwa madumu njiani, akakamatwa, akahukumiwa, akatumikia. Hakimu alisema miaka mitatu. Hakusema mitatu pamoja na yote itakayobaki.

Rachel, aliyekuwa amempa kona ya kulala katika chumba chake cha kupanga Buguruni, alimshauri auze vitunguu kama watu wengine. Hakutaka. Vitunguu wanaviuza wengi na wanavijua kumzidi. Usukani ndio kitu pekee ambacho Melkiori alikijua kuliko watu, na bila usukani alijiona hana jina.

Ofisi ya saba ilikuwa Gerezani. Ndiyo, Gerezani. Mtu katoka gerezani anakwenda Gerezani kuomba kazi. Mji huu nao hauna haya. Hapo, nyuma ya maduka ya vipuri, mzee Hamud alikuwa na yadi, stoo na malori matano ya kupeleka mizigo ya Kariakoo hadi Mwanza na Mbeya. Mzee wa Kiarabu, mpole, mwenye kupenda maneno, lakini madereva walimjua kwa jambo moja: mafuta alipima mwenyewe kwa kijiti. Gari likitoka anapima, likirudi anapima. Kijiti hicho kilikaa nyuma ya mlango wa ofisi, cheusi kwa dizeli, na hakuna mwingine aliyekigusa.

"Shikamoo mzee," Melkiori alisema.

"Marahaba. Kaa, kaa. Wewe Mangi, Mchaga, siyo? Wa wapi?"

"Rombo, mzee."

Hamud alivaa miwani, akazipitia karatasi moja moja. "Vizuri. Vizuri sana. Sasa hapa katikati, miaka mitatu, gari hukushika. Ulikuwa wapi?"

Melkiori alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka na swali, na jibu lake, na kile kimya kinachofuata. Mdomo ulikuwa tayari kusema nilifungwa, ukagoma. Ukasema kitu kingine, ambacho nacho kilikuwa kweli tupu.

"Nilikuwa Keko."

Sasa, Keko ziko mbili. Kuna Keko ya gereza, na kuna Keko ya mafundi wanaopanga makochi na vitanda kando ya barabara mpaka vinakula vumbi. Mzee Hamud alisikia ile ya pili.

"Aaa, fanicha! Ulikuwa unachonga?"

"Nilikuwa nachonga." Na hilo pia lilikuwa kweli: madawati, karakana ya gereza, miaka mitatu.

"Basi nimekupata!" Hamud alilipiga kofi kabati la mafaili. "Hili mke wangu Mauza kalinunua hukohuko Keko. Mwezi wa pili tu, mlango umelegea. Mnatuibia nyie watu wa Keko!"

Melkiori alihisi masikio yakimwaka moto. Ili asijibu, aliomba bisibisi. Alifungua bawaba, akajaza tundu njiti za kiberiti, akakaza parafujo upya, na mlango ukafunga bila kelele. Hamud aliufungua na kuufunga mara nne kwa furaha.

"Haya, seremala. Twende tuone kama na gari unalikumbuka."

Nje kulikuwa na Skania yenye tela, imesimama mtaani kati ya mikokoteni na marobota ya mitumba. Ilitakiwa iingie yadi kinyumenyume, kupitia lango ambalo aliyelijenga hakuwahi kuliona tela. Shomari, msimamizi wa stoo, alikwenda nyuma akaanza kuita njoo, njoo. Melkiori alitazama vioo, akakata usukani mara moja, akalegeza, akarudi taratibu. Miguu ilikumbuka yenyewe. Shomari hakupata hata nafasi ya kusema simama, maana gari lilikuwa limeshasimama pale pale lilipotakiwa. Melkiori alibaki juu kidogo, akisingizia kupanga vioo, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjia na hakutaka kushuka nayo.

"Jumamosi Mwanza," Hamud alisema waliporudi ofisini, akiuacha ufunguo mkononi mwake. Kisha akamsukumia karatasi na kalamu. "Bado mdhamini tu. Niandikie mwenye banda, yule uliyekuwa unamfanyia kazi kule Keko. Nimpigie, tumalize."

Mtu wa kuandika alikuwepo, Seifu. Walichonga pamoja ndani, akatangulia kutoka, na sasa alikuwa na banda la kweli, Keko ya kweli ya vitanda. Angepigiwa simu angesema lolote analoombwa. Melkiori aliandika S, kalamu ikasimama. Alijiona akirudi kutoka Mwanza, mzee anachukua kijiti, na yeye pembeni anatetemeka hata kama tangi halijapungua tone. Hakuweza. Alijichukia kwa kutoweza.

"Banda lilikuwa la nani?" Hamud aliuliza tena.

"La serikali, mzee."

Hamud alianza kucheka, akadhani ni utani. Kisha akaacha.

"Keko ile?"

"Ile."

"Ulifanya nini?"

"Mafuta."

Mzee alivua miwani. Alikuwa na huzuni ya kweli, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Angefoka ingekuwa nafuu. "Ungekuwa umegonga mtu ningekuchukua. Ajali inampata yeyote. Lakini mafuta, Mangi! Mafuta!" Alinyoosha mkono, na ufunguo ukarudi kwa mwenyewe.

Melkiori alikuwa ameshafika mlangoni alipoitwa.

"Rafu za stoo zimelala. Jumatatu njoo uzitengeneze. Mkono wako wa fundi ni mzuri sana."

"Mimi ni dereva, mzee."

"Najua," Hamud alisema. "Nimeona."

Jioni Rachel alimuuliza amepata? Akasema amepata. Gari gani? Akasema rafu, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Jumatatu alikwenda. Alikwenda kwa hasira, akapiga randa kwa hasira, na ukweli ni kwamba alikwenda kwa sababu stoo ilitazamana na malori. Dereva mpya alikuwa Benedict, kijana mtanashati aliyeleta wadhamini watatu wenye barua za mihuri. Jumatano mchana Benedict alijaribu kuiingiza Skania yadi. Mara ya kwanza tela likaenda kushoto. Mara ya pili likakwangua nguzo. Mara ya tatu likakwama katikati ya mtaa, na watu wa mikokoteni wakaanza kumtukania mama yake. Hamud alisimama langoni jasho likimtoka. Alimtazama Benedict, akamtazama Shomari, mwisho akatazama stoo.

"Mangi! Njoo uiingize. Uiingize tu."

Melkiori alipanda na vumbi lake la mbao. Alikata, akalegeza, akarudi. Mita thelathini, pengine hazikufika. Mtaa ukapumua, mikokoteni ikapita. Alizima, akashuka, akarudisha ufunguo kabla hajaombwa, akaenda zake kwenye mbao.

Alipogeuka alimkuta mzee Hamud ameinama ubavuni mwa gari, kifuniko cha tangi mkononi, anaangaza macho huku na huku. Kijiti kilikuwa mbali, nyuma ya mlango wa ofisi. Shomari alitazama chini kwa aibu ambayo haikuwa yake.

Melkiori alichukua ufito aliokuwa ametoka kuupiga randa, akamfuata.

"Tumia huu, mzee. Umenyooka."

Hamud alisita, kisha akaupokea. Akautumbukiza, akautoa, akautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mafuta yako pale pale," alisema kwa sauti ndogo.

"Eeh," Melkiori alijibu. Akauchukua ufito wake, akarudi nao stoo, akaupigilia kwenye rafu ya juu ukiwa bado unanuka dizeli.