Diko la Hild

Kokoto zilisikika kwanza, zikiburutwa na mawimbi, zikisaga meno. Bahari yenyewe haikuonekana. Ukungu ulikuwa umemeza ufuo wote wa Hildithe, na mumo humo baba yangu alikuwa peke yake na makasia yake.

Bibi Keziah alisimama ukingoni mwa maji, kajifunika shali kichwani. Siku za ukungu yeye ndiye aliyeziita mashua nyumbani, kama alivyofanya mama yake. Leo kikohozi kilikuwa kimemnyang'anya sauti.

"Ita wewe, Ambrose," alinong'ona. "Au mashairi yamekukausha koo?"

"Bibi, kuita ni kazi ya wanawake."

"Haya, basi baba yako afe kiume."

Nikavuta pumzi. Kama ni kuita, niite kwa fahari! Nikautupia ukungu beti nilizomtungia Hild. Kasisi alikuwa amenieleza kwamba jina la kijiji chetu ni maneno mawili ya kale: Hild, jina la mwanamke, na neno la pili maana yake diko, mahali mashua zinapofikia nchi kavu. Diko la Hild. Hild mwenyewe hakuna amjuaye, basi mimi nilimvika taji, nikampa upanga na farasi mweupe.

Makasia yakasikika, yakasogea. Kisha yakaanza kupotelea kushoto, kwenye miamba.

Bibi akanikamata mkono. "Maneno mengi hutawanyika kama vifaranga! Hajui yanatoka wapi. Ita jina tu!"

"Hiiild-iiithe!"

Likapanda, likashuka, na ukungu ukalibeba zima. Niliita, nikaita, hata nikahisi si mimi niitaye. Ni kana kwamba nyuma yangu walisimama wanawake wote walioita kabla yangu, wenye shali zilizolowa, mstari mrefu unaofifia, na wa mwisho kabisa, asiye na taji, alikuwa ameweka viganja mdomoni.

Makasia yakageuka. Mashua ikapasua weupe, ikakwaruza kokoto.

"Nani yule aliyekuwa akihubiri?" baba akauliza, ndevu zikichuruzika maji. "Nilidhani nimeshakufa, nazikwa!"

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Nikamvika koti langu.

"Na huyo Hild wako," akanong'ona, "farasi wake yuko wapi?"

"Hakuwa na farasi, Bibi. Alikuwa na koo."

"Na ukungu ukirudi kesho?"

"Nitaita mimi. Jina tu, bila ubeti hata mmoja. Nakuahidi, Bibi, na baba anasikia."